Gari la rimoti linavuta kushoto na servo inalia: anza hivi

Ndugu, unasema gari linavuta kushoto ukiachia usukani, na ukikata kona hadi mwisho servo (mota ndogo inayogeuza matairi ya mbele) inalia "zzzz". Hayo ni matatizo mawili, usiyatibu kwa kitufe kimoja.

Weka gari juu ya kopo, matairi yaning'inie. Washa rimoti kwanza, gari baadaye. Rudisha trimu (kitufe cha rimoti cha kurekebisha kidogo katikati ya usukani) kwenye sifuri, fungua skrubu ya mkono wa servo, uuvue, kisha uurudishe kwenye jino linaloufanya uwe mraba (nyuzi 90) na rodi ya usukani. Servo ya meno 25 huruka nyuzi 14 hivi kwa kila jino, kwa hiyo mara nyingi hautakaa sawa kabisa. Hiyo tofauti ndogo ndiyo kazi ya trimu. Ikibidi uipeleke karibu na mwisho wake, kagua urefu wa rodi. Rimoti haina kosa.

Mlio unatokea kwa sababu matairi yamefika kikomo na servo bado inasukuma. Inakula chaji, inachemka, na siku moja giya zake zinakatika. Kwenye rimoti, weka D/R (kiwango cha kona cha pande zote mbili kwa pamoja) 100%, kata kushoto hadi mwisho, punguza EPA (kikomo cha kona cha kila upande peke yake) mpaka inyamaze, halafu fanya kulia peke yake. Ukipata 85 upande mmoja na 92 wa pili, sawa tu. Rimoti za bei rahisi zina D/R pekee: punguza mpaka upande unaolia unyamaze, ingawa wa pili utapoteza kona kidogo.

Kisha liendeshe polepole mita 10 kwenye sakafu tambarare bila kugusa usukani, ndipo umalizie trimu.