Koti nene chini ya mkanda: jibu kwa mama wa Minneapolis

SWALI: Mwanangu ana miaka saba, ana utindio wa ubongo, na anapanda basi la shule akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Huu ni msimu wetu wa pili wa baridi hapa Minneapolis. Juzi asubuhi mhudumu wa basi aliniambia nimvue koti mlangoni kabla hajamfunga mkanda. Ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, nikakataa. Kinamama wenzangu wanasema koti nene linamkinga hata basi likigonga, na wananishauri ninunue mtandaoni mkanda wa kifuani wenye sponji ili asiteleze. Mimi humfunga kanga kifuani kila siku kwa sababu anaegemea upande. Nimekosea kukataa?

JIBU: Dada yangu, hukukosea kukataa mtoto avuliwe nguo kwenye upepo. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na mtoto wako ana hatari zaidi ya wenzake. Misuli isiyotembea haizalishi joto la kutosha, baridi inaikaza zaidi, na mtoto asiyeweza kusema "vidole vinauma" anategemea macho ya mtu mzima. Lakini kuhusu koti lenyewe, mhudumu alikuwa sahihi. Mtoto asifungwe mkanda juu ya koti nene. Koti litoke ndani ya basi lenye joto, mlango ukiwa umefungwa, mkanda ukazwe, kisha koti lirudi juu ya mkanda.

Najua ugumu wake. Mtoto mwenye misuli iliyokaza si rahisi kumvua na kumvisha mikono ya koti akiwa ameketi, na dereva ana watoto wengine wanaosubiri nje. Ndiyo maana familia ninazozihudumia huwa naziambia ziachane na koti la mikono kwa safari ya basi. Mvishe fulana ya sufu au ya kitambaa kinachokausha jasho, juu yake sweta jembamba lililobana mwili, kofia inayofunika masikio, glavu za kidole gumba kimoja, soksi za sufu na viatu visivyobana. Hayo yote ni membamba na mkanda unaweza kukaa juu yake vizuri. Kisha mfunike kwa ponchi ya kiti cha magurudumu, ile isiyo na mgongo, inayoingizwa kichwani na kuning'inia mbele. Mhudumu anaiinua, anafunga mikanda, anaishusha. Mtoto havuliwi kitu. Blanketi zito linafanya kazi hiyo hiyo mradi lisiburuzike kwenye magurudumu wala kufunika kulabu zinazoshika kiti sakafuni. Skafu ndefu iache nyumbani. Inanasa kwenye lifti na kwenye gurudumu. Badala yake tumia kile kitambaa cha mviringo kinachovaliwa shingoni.

Sasa nije kwenye hilo uliloambiwa na kinamama wenzako, kwa sababu nalisikia kila msimu na kila mara linanikera: kwamba koti nene litampunguzia mtoto kishindo. Si kweli, na kinyume chake ndicho kinachotokea.

Basi linaposimama ghafla kwa kugonga, mwili wa mtoto unaendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule mpaka kitu kiuzuie. Hapa Marekani viti vya magurudumu vya usafiri hupimwa kwa kishindo cha kilomita 48 kwa saa, nguvu ikifika takriban mara 20 ya uzito. Tuseme mwanao ana kilo 20. Katika kishindo cha namna hiyo mkanda unashika mzigo wa kama kilo 400. Koti lililojaa manyoya ni hewa tupu mbele ya mzigo huo. Hewa inatoka mara moja, koti linanywea, na mkanda ulioonekana umekaza unakuwa umelegea kwa unene wote uliotoweka. Mtoto anakwenda mbele kwanza, ndipo mkanda unamdaka kwa ghafla. Ule wa chini, uliopaswa kukaa kwenye mifupa ya nyonga, unapanda tumboni, na tumboni hakuna mfupa wa kuuzuia. Hapo ndipo maini, utumbo na uti wa mgongo vinapoumia. Hilo koti halikumkinga. Limempa nafasi ya kuumia.

Kama huamini, fanya jaribio hili ndani ya gari lenu likiwa limeegeshwa. Mketishe mtoto mwenye koti kwenye kiti cha watoto chenye mikanda ya mabegani, kaza mpaka ushindwe kubana kikunjo cha mkanda kwa vidole viwili begani. Fungua kifungo bila kulegeza chochote, mvue koti, mfunge tena. Tazama pengo lililobaki. Waonyeshe na hao waliokushauri.

Kuhusu kanga, dada, nakuomba leo iwe mwisho. Naelewa kwa nini unaifunga. Mikono ya mama haipendi kumwona mtoto anaporomoka upande. Lakini kitambaa kilichofungwa kifuani kinapanda shingoni mtoto anapoteleza, na fundo lake halifunguki haraka moshi ukiingia kwenye basi. Wahudumu wa mabasi wanatakiwa waweze kumtoa mtoto kitini kwa muda mfupi, mara nyingi kwa kisu cha kukatia mikanda, na hawatajua kuna kanga chini ya sweta. Kuegemea upande ni tatizo la kiti. Maana yake kiti hakimtoshi, au vishikizi vya ubavuni vimelegea, au mtoto amekua. Mpigie simu mtaalamu wa viti vya magurudumu aliyempima, akirekebishe.

Na hapa wengi wanachanganya mambo mawili. Mikanda iliyokuja na kiti chake, ile ya kifuani na ya nyonga, mingi ni ya kumsaidia kuketi wima. Kazi yake ni mkao. Isipokuwa kiti kimepimwa pamoja na mikanda hiyo kwa ajili ya ajali, haihesabiki kama mkanda wa usalama. Katika basi la shule, sehemu ya kiti cha magurudumu inatakiwa na sheria ya Marekani iwe na kamba nne za kushika kiti, mbili mbele na mbili nyuma, kiti kikitazama mbele, na pia mkanda wa mtoto mwenyewe wa nyonga na bega. Kamba zinashika fremu ya kiti. Zisishike gurudumu, sehemu ya miguu, wala sehemu ya kuwekea mikono. Mkanda wa nyonga upite chini ya vyuma vya mikono na ulale mwilini. Ukipita juu yake unaning'inia hewani. Trei ya kiti itolewe na kufungwa pembeni. Breki za kiti pekee hazitoshi hata kwa safari ya mtaa mmoja, na kiti cha umeme kizimwe.

Angalia pia kama kiti chake kina alama ya WC19. Hicho ndicho kiwango cha viti vilivyopimwa kwa usafiri, na kina sehemu nne maalumu za kuingiza kulabu. Kama hakina, usikate tamaa, lakini wakati wa kuagiza kiti kipya, litaje hilo mbele ya daktari na bima.

Mengine ya msimu huu ni mafupi. Betri za viti vya umeme hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kwenye baridi kali, kwa hiyo kiti kichajiwe ndani usiku kucha. Njia kutoka mlango wa nyumba hadi basi isafishwe barafu kabla dereva hajafika. Kama mtoto ana dawa ya kifafa au insulini begini, begi likae karibu na mwili wake chini ya ponchi, lisiachwe kwenye sakafu ya basi. Insulini ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka tena.

Kwa upande wa shule, una nguvu kuliko unavyodhani. Usafiri ni sehemu ya huduma ambazo sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inaitaka shule itoe bila malipo pale mtoto anapouhitaji ili apate elimu yake. Haya yote yanaweza kuandikwa kwenye IEP yake, yaani mpango wa elimu maalumu ambao shule humwandikia mtoto mmoja mmoja: kwamba mtoto anasubiri ndani ya nyumba mpaka basi lifike mlangoni, kwamba basi limepashwa joto, kwamba mikanda inafungwa chini ya ponchi, kwamba kuna mhudumu anayejua kumwokoa na kumfunika kama basi litakwama kwenye theluji. Omba kikao sasa, usingoje kile cha mwaka. Andika barua au barua pepe ili ibaki kumbukumbu, na useme unataka mkalimani wa Kiswahili. Shule inawajibika kuhakikisha mzazi anaelewa yanayosemwa kikaoni. Mdogo wake au dada yake asitumwe kutafsiri mambo ya aina hii. Asubuhi nyingine shule zenyewe hufunga, kama mwishoni mwa Januari 2019, Minneapolis ilipofika nyuzi 33 chini ya sifuri. Asubuhi ambayo shule iko wazi lakini basi limechelewa na hujui liko wapi, mtoto abaki ndani.

Sasa kuna jambo kubwa kuliko wewe na mwanao. Jumbe zinazozunguka kwenye makundi ya simu ya watu wetu, kutoka hapa hadi Iowa na Texas, zimejaa ushauri wa watu ambao hawajawahi kumfunga mtoto mmoja kwenye basi. Mmoja anasema umpake mafuta ya mgando usoni yatazuia baridi. Mafuta hayazuii ngozi kuganda. Mwingine anasema weka pakiti za kupasha mikono ndani ya soksi. Kwa mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa mgongo wazi ambaye hahisi miguu, pakiti hizo humuunguza mpaka nyama na hatalia. Kama kidole kimeganda, wanasema kisugue kwa theluji. Usisugue; peleka mtoto mahali pa joto, weka kidole kwenye maji ya vuguvugu, na upige simu kwa daktari. Na kuna wazazi wa watoto wenye ugonjwa wa selimundu (sickle cell) wanaoambiwa baridi ni ya kawaida kwa kila mtu, mtoto asilelewe kwa kudekezwa. Baridi huamsha maumivu ya selimundu, na mtoto huyo naye ana haki ya kusubiri basi ndani ya nyumba.

Halafu wapo wanaouza. Hao ndio wanaonikasirisha zaidi, kwa sababu wanajua mzazi mwenye hofu hulipa bila kuuliza. Mkanda wa kifuani wenye sponji, mto wa begani wa manyoya, mfuko wa baridi ambao mgongo wake unapita kati ya mtoto na kiti, kamba ya kumzuia asitoke. Chochote kinachowekwa kati ya mwili wa mtoto na mkanda, au kinachobadilisha njia ya mkanda, ambacho hakikupimwa pamoja na kiti hicho, kinaweza kuharibu kazi ya vyote viwili. Picha nzuri na nyota tano za wanunuzi si kipimo. Hakuna mnunuzi hata mmoja kati ya hao aliyekijaribu kwenye ajali.

Kama umeshanunua huo mkanda wa sponji, urudishe. Muuzaji akidai umepimwa, muulize ulipimwa na kiti gani, modeli gani, na kwa uzito gani wa mtoto, kisha linganisha jibu lake na kibandiko kilicho kwenye fremu ya kiti cha mwanao. Mpaka ufanane, usimvishe.