Kabla ya kusema meya anakubalika: ushauri kwa wanaopima maoni ya watu wa Mjini Unguja

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, barza za mjini hugeuka mahakama. Ukikaa Jaws Corner, barza ya Mji Mkongwe, jioni moja utaambiwa kwamba meya amechokwa na kila mtu. Ukenda maskani ya Kisonge, pale Michenzani, huenda ukaambiwa kwamba hakuna wa kumgusa. Kila kundi linasema kweli kuhusu watu linaokaa nao, lakini hakuna hata moja linaloweza kukuambia wakaazi wa Mjini Magharibi, mkoa uliohesabiwa watu 893,169 katika sensa ya 2022, wana maoni gani. Mimi nimefanya kazi ya udodosaji katika shehia (maeneo madogo ya utawala) za mkoa huu, zama za karatasi na zama za vishikwambi, na vijana wanaotumwa na wagombea au na vyumba vya habari huniuliza mara kwa mara waanzie wapi. Jibu langu huwa ni moja: ukitaka kujua watu wanamwonaje meya, usiwaulize habari za meya.

Sababu ya kwanza imo katika sheria. Meya wa London anachaguliwa na wakaazi wenyewe, na ndivyo Sadiq Khan alivyoshinda mwaka 2016, 2021 na 2024, kwa hivyo swali la "unamkubali au humkubali" lina maana pale, kwa kuwa anayejibu ndiye atakayepiga kura. Kwetu, chini ya Sheria ya Mamlaka ya Serikali za Mitaa, Namba 7 ya 2014, meya anachaguliwa na madiwani wenzake. Anayetaka kurudi kwenye kiti lazima kwanza avuke mchujo wa chama chake, arudi na udiwani, kisha akubalike na waliomo katika baraza la madiwani. Mkaazi wa Mpendae anaweza kumpenda meya kwa moyo wote na asiwe na karatasi ya kura yenye jina lake. Ndiyo maana mtu anayekuletea asilimia moja ya mji mzima, bila ya kukuonyesha wadi ya meya inasema nini, hajakuletea kitu cha kufanyia kazi.

Sababu ya pili ni ya adabu, na hii ndiyo inayowashinda wengi. Huwezi kuingia shehiani bila ya kupita kwa sheha, mkuu wa shehia, na ni vyema iwe hivyo, kwani mgeni anayebisha hodi na kuuliza maswali ya siasa bila ya kujulikana atafukuzwa, na mimi ningemfukuza. Lakini sheha naye hukupa mtu wa kukuongoza, na mtu huyo husimama mlangoni wakati unauliza. Nyumba moja ya Jang'ombe nilimkuta bibi anapepeta mchele ukumbini. Kila nilichomuuliza kuhusu viongozi wa manispaa alinijibu kwa upole, "Tunashukuru, mwanangu, wanajitahidi." Nikaacha maswali ya viongozi nikamuuliza gari la taka lilipita lini mara ya mwisho. Bibi aliweka ungo chini, akamwita mjukuu wake, na wawili hao wakaanza kubishana kama ilikuwa kabla ya Ijumaa iliyopita au ile ya nyuma yake. Kisha akanieleza kwamba humlipa kijana mwenye mkokoteni achukue taka, kwamba kijana huyo huzitupa karibu na mtaro, na kwamba mvua ikinyesha taka zilezile humrudia uani. Mwongozaji wetu alikuwa bado amesimama palepale, na hakuna aliyeona haya, kwa sababu hapakuwa na jina la mtu lililotajwa.

Maswali ya namna hiyo ndiyo ya kuyaandaa. Taka zilichukuliwa lini; umelipa ushuru gani wa soko mwezi huu na ulipewa risiti; leseni ya duka ilikuchukua muda gani; maji ya mvua hukaa uani siku ngapi. Ukimaliza hayo, uliza nani anahusika, na usimsahihishe. Hapa utasikia mengi. Watu watamlaumu meya kwa bomba lililokauka, ilhali maji ni ya ZAWA, mamlaka ya maji; watamlaumu kwa umeme, ilhali umeme ni wa ZECO, shirika la umeme; watamlaumu kwa jengo linaloporomoka Mji Mkongwe, ambako kuna mamlaka yake yenyewe. Mkaazi wa Mwanakwerekwe aliyezungukwa na maji ya masika atakutajia meya wa Manispaa ya Mjini, ilhali yeye mkaazi yuko Manispaa ya Magharibi B. Wapo wachambuzi wanaoyatupa majibu haya kwa kuwa hayako sahihi, na mimi sikubaliani nao: lawama iliyoelekezwa kwa asiyehusika ni lawama bado, na diwani anayeogopa kuambukizwa nayo atamkimbia meya siku ya kumchagua. Yaandike, ila yaweke kwenye safu ya peke yake.

Angalia pia majira. Mwaka 1979 meya wa Chicago, Michael Bilandic, alishindwa na Jane Byrne katika uteuzi wa chama chake baada ya theluji kubwa kuuzima mji na serikali yake kushindwa kuisafisha kwa wakati. Sisi theluji hatunayo, lakini tuna masika. Maoni yaliyokusanywa Aprili, mitaro imefurika, hayalingani na yaliyokusanywa Agosti, vumbi likiwa kavu, na uchaguzi wetu kwa kawaida hufanyika Oktoba, vuli ikikaribia. Ukifika mara moja tu, umepima hali ya hewa.

Kuhusu hesabu sitasema mengi. Utafiti wa watu 2,400 wa Tanzania nzima, ukigawanywa kwa uwiano wa sensa, huiachia Zanzibar yote watu sabini na kitu, nao hawatoshi kusemea manispaa moja. Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni wa Twaweza unaotajwa sana magazetini, huwakilisha Tanzania Bara pekee. Watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hukupa makosa ya kama asilimia 5 juu au chini. Watu 100, karibu asilimia 10. Kura za makundi ya WhatsApp usizihesabu kabisa. Na usiulize jioni tu, maana jioni walioko nje ni wanaume. Wanawake wafuate majumbani asubuhi, kabla hawajaingia jikoni.

Matokeo ukiyapeleka kwa aliyekutuma, mpe wadi kwa wadi, huduma zikitangulia na jina la meya likifuata mwisho, na umweleze waziwazi katika shehia zipi mlifuatana na mtu wa sheha ndani ya nyumba na katika zipi alibaki nje. Kisha mwombe ruhusa ya kurudi shehia zilezile na maswali yaleyale kabla ya chama hakijaanza mchujo, kwa sababu baada ya majina kutoka, kila atakayekujibu atakuwa ameshajua anatakiwa kusema nini.