Yesu alilala juu ya mto? Maswali ya wazazi wa Goma

*Mtoto wangu wa miaka 4 hatulii nikimsomea Biblia. (Mama, Himbi)*

Usimsomee, msimulie. Soma sura mwenyewe mchana mara mbili, funga kitabu, kisha simulia kwa Kiswahili cha nyumbani, dakika 5 basi. Kwa Luka 15, kondoo mmoja aliyepotea kati ya 100, hesabuni punje 100 za maharagwe, umfumbe macho, ufiche moja chini ya sahani, aitafute. Akiipata, pigeni vigelegele: furaha ile ndiyo hadithi yenyewe. Kama kuna mdogo wake anayetambaa, tumieni viazi, hata 10 tu. Maharagwe huishia puani.

*Wa miaka 7 ameuliza Yesu alilalaje juu ya mto bila kuzama. (Baba, Ndosho)*

Kosa si lake. Marko 4:38 katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version yasema Yesu alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Mtoto wa Goma anajua mto wa maji. Kile cha kulazia kichwa amezoea kukiita kwa Kifaransa. Shetri, yaani nyuma ya mashua, hata wazazi wengi hawalijui. Pitia mistari mapema, maneno ya namna hiyo uyabadilishe. Mawimbi hayahitaji maelezo kwa aliyeona Ziwa Kivu likichafuka.

*Binti yangu anauliza kama volkano ya Nyiragongo ya 2021 ilikuwa adhabu ya Mungu. (Mama, Majengo)*

Wengi hukimbilia Sodoma. Tunawasihi msianzie huko. Kwanza mwache aseme anachokumbuka, wala usimkatize. Kisha fungua Luka 13:4-5: mnara wa Siloamu uliua watu 18, na Yesu akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. (Mstari huohuo unawaita wote watubu, wa miaka 10 aelezwe, mdogo zaidi angoje.) Siku nyingine msimulie Eliya, 1 Wafalme 19:11-12: upepo, tetemeko, moto, na Bwana hakuwamo, ikaja sauti ndogo ya utulivu. Fanya hivyo mchana, si usiku Nyiragongo ikiwa nyekundu.

Usimwahidi kwamba mlima hautalipuka tena. Ulilipuka 1977, 2002 na 2021; ukilipuka mara nyingine, hatakuamini wewe wala Eliya. Mwonyeshe njia mtakayopita mkikimbia, kisha ombeni.

*Kila swali anajibu "Yesu". (Baba, Katindo)*

Kwa sababu unamuuliza "tumejifunza nini?" Muulize: ungekuwa Petro mule mashuani wakati wa dhoruba, ungemwamsha Yesu au ungemwacha alale?

*Mume wangu ni Mkatoliki, mimi Mprotestanti. Tutumie Biblia gani? (Mama, Keshero)*

Yoyote. Yake ina vitabu 73, yako 66, na Injili 4 ni zilezile. Watoto hukwama kwenye Baba Yetu: wewe unaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako", yeye ameshasema amina. Kubalianeni kabla hamjawaita watoto.