Nimepata nafuu, si niache tu dawa?

Mwezi huu nimechukua barua tatu, zote za dawa za afya ya akili kwa vijana. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, maana pale kliniki ni swali la karibu kila wiki.

Shikamoo dada nesi. Niko mwaka wa pili chuo hapa Iringa, kwetu Tukuyu. Mwezi wa pili nilikuwa silali, chakula hakipandi, kipindi naingia ila sisikii mwalimu anasema nini, nikaambulia sapu mbili. Hospitali wakasema sonona, wakanianzishia fluoksetini 20 mg kila asubuhi. Saivi ni miezi mitatu niko vizuri kabisa nasoma. Rumeti kaziona anasema hizo ni dawa za vichaa, utazizoea hutoacha maisha, mama nae anataka nirudi nyumbani niombewe. Mwezi wa saba naenda fildi Makete. Si bora niache kabla? Maana niliacha wiki nzima na sikuona tofauti.

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hiyo wiki moja maana hapo ndo wengi wanadanganyika. Fluoksetini haitoki mwilini haraka, ni dawa inayokaa wiki kadhaa ndo iishe, kwahiyo ile wiki uliyosema umeacha ulikuwa bado unayo kwenye damu. Sonona ikirudi haiji kesho yake, inakuja mwezi unaofuata au hata baadae zaidi, pole pole, unaanza kushtuka saa tisa usiku usingizi umekata, simu za nyumbani unaziangalia tu zinaita, na hapo hata wewe mwenyewe huunganishi na dawa uliyoacha. Piga hesabu, ukiacha leo itakukuta Makete, baridi ya mwezi wa saba, kituo kigeni, hakuna anayejua ukiwa mzima unakuwaje.

Miezi mitatu ni mapema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtu aendelee na dawa miezi 9 mpaka 12 tangu dalili ziishe, yani hesabu inaanza ulipopata nafuu, haianzii kidonge cha kwanza. Muda ukifika utaacha, ila na daktari wako, mnapunguza kidogo kidogo.

Hilo la kuzoea, mwambie rumeti hapana. Fluoksetini haileti ile hamu ya kuongeza dozi kila siku kama inavyotokea kwa diazepamu, ile dawa ya kutuliza na usingizi. Ila mwili unakuwa umeizoea kuwepo, na dawa za kundi hili zikikatwa ghafla mtu anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, wengine wanasikia kama shoti kichwani. Ndugu zake sertralini na paroksetini zinasumbua zaidi hapo kwa sababu zenyewe zinatoka haraka.

Sasa fildi. Naomba unisikilize sana hapa, maana fildi na likizo ndo zinakatisha matibabu ya wanachuo, sio ubishi wala sio maombi, ni kopo tu linaisha mtu yuko mbali na kliniki yake anaona aibu kuanza kujieleza upya. Wiki mbili kabla ya kuondoka rudi kliniki useme ukweli kwamba unahama kwa muda, omba dawa za kutosha na barua iandikwe ugonjwa, dawa, dozi na tarehe ulipoanza, piga picha ikae kwenye simu. Ukiishiwa huko nenda hospitali ya wilaya na hiyo barua. Wakikwambia "fluoksetini hamna, chukua amitriptilini", dawa nyingine ya sonona, waulize kwanza kama wanajua umetoka kwenye nini, kwa sababu fluoksetini iliyobaki mwilini inafanya amitriptilini ipande kwenye damu, na ikizidi inagusa moyo, kwahiyo daktari lazima aanze na dozi ndogo. Duka la dawa nako ukienda na mgongo wakakupa tramadoli ya maumivu, sema unatumia nini, hizo mbili pamoja zinaweza kuleta degedege. Ukisahau siku moja usimeze mbili kesho yake. Ulanzi na bia jitahidi viache kabisa kipindi hiki, pombe inairudisha sonona yenyewe.

Kuna kitu hukuandika ila nakitaja maana vijana wengi wanaacha kwa ajili yake kimya kimya: hamu ya mapenzi kushuka, au kuchelewa kufika kileleni. Ni dawa, sio wewe. Kliniki tunayasikia hayo kila siku na kuna namna ya kurekebisha.

Mama mwambie utaenda kuombewa na dawa zitakuwepo kwenye begi. Havigombani.

Nina miaka 22, niko Mbeya, nina baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, natumia karbamazepini. Mwezi uliopita nimewekewa kijiti cha uzazi wa mpango, hawakuniuliza dawa yoyote. Kuna shida?

Ipo, na walipaswa kuuliza. Karbamazepini inalifanya ini livunje homoni za kijiti haraka kuliko kawaida, kwahiyo kinga inapungua, vidonge vya majira nao hivyo hivyo. Tumia kondomu kuanzia leo, afu rudi uwaambie jina la dawa. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviguswi na karbamazepini. Dawa usiache, baipola ikiachwa hivi hivi ni hatari kubwa. Na akitokea mtu wa kukubadilishia kwenda valproeti, dawa nyingine ya baipola, muulize kwanza habari ya mimba, maana kwa mtoto aliye tumboni ile ni mbaya zaidi.

Mwanangu wa miaka 19 kaanzishiwa dawa ya sonona wiki iliyopita. Sasa ndo kawa mkali, halali, anazunguka chumbani usiku kucha. Dawa inamharibu? Mama, Njombe.

Mama pole sana. Wewe nimekujibu kwa simu kabla gazeti halijatoka, naandika hapa kwa wazazi wengine. Hali hiyo haisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na kopo la dawa mkononi. Mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 2007 inaweka onyo kwa vijana wa 18 mpaka 24 kwamba wiki za mwanzo mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao, na kuhangaika hivyo bila kulala ni dalili ya kuangaliwa haraka. Haina maana dawa ni sumu, inaweza kuwa dozi au aina. Muulize mtoto waziwazi kama anawaza kufa, kumuuliza hakumpandikizii wazo, wengi wanapumua wakiulizwa. Dawa zake akae nazo mtu mzima ampe kila siku, na zile dawa za kupulizia viazi zitoke nyumbani zikafungiwe kwa jirani. Usiku asilale peke yake mpaka aonwe na daktari.