Shangazi, mchumba wangu anataka asionekane!

"Shikamoo shangazi. Juzi mimi na mchumba wangu tulikuwa tunapiga stori tu, nikamuuliza ukipewa pawa moja ya ajabu unachukua ipi, hakuvuta hata pumzi, akasema KUTOONEKANA. Tangu hapo sina raha. Mtu mwema anajificha ili iweje? Mimi nilichagua kusoma mawazo ili nisidanganywe, maana hata simu yake huwa naikagua (paswadi naijua, yeye hajui kama najua) na sijawahi kukuta kitu ila moyo hautulii. Nimuache? – Mwenye Mashaka"

Marahaba mwanangu. Kwanza nimecheka, nisamehe, halafu nikasoma barua yako mara ya pili kicheko kikakata.

Hofu yako ni ya zamani sana. Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita aliandika kisa cha mchungaji aliyepata pete, akigeuza kito chake ndani ya kiganja haonekani, akikirudisha nje anaonekana, na basi hakukawia, akalala na malkia, akamuua mfalme, akajikalia yeye kwenye kiti. Swali lilikuwa hilohilo lako, mtu akijua hakamatwi atabaki mwema? Kwa hiyo kuuliza una haki. (Ingawa huyo wako angeambulia patupu, kwa sababu jicho linaona pale mwanga unaponaswa na retina, ule utando wa kule nyuma ya jicho, sasa kama mwanga unampita mwili mzima kama hayupo basi na yeye haoni kitu, atakuwa anagonga milango tu.)

Sasa tuje kwako, maana hapo ndipo penye kazi. Asiyeonekana, tuseme macho yake yanaona, akiingia chumbani kwangu ataona nilichofanya. Msoma mawazo anachukua mpaka nilichokataa kufanya, ile hasira niliyoimeza, ule upuuzi uliopita kichwani sekunde mbili nikaufukuza mwenyewe. Ukinipa nichague nani akae karibu yangu, mwanangu, namchukua mchumba wako.

Na nitakwambia kwa nini nalijua hili. Miaka ya nyuma huko mume wangu alikuwa anaoga, simu yake ikawaka, nikaisoma. Alikuwa anamwandikia kaka yake: "Siku hizi ananigombeza kwa kila kitu, naogopa hata kurudi nyumbani mapema." Nikairudisha palepale, kioo chini, kama nilivyoikuta. Wiki mbili nzima nilikaa na ile sentensi, siwezi kumuuliza kwa sababu nitasema nimejuaje, siwezi kujitetea, siwezi hata kuomba radhi, nikizidisha upole nahisi naigiza na nikikasirika nasema aha, ndo haya anayoyasema. Siku alipojikaza akaniambia mwenyewe, uso kwa uso, mikono inamtetemeka, ikabidi nijifanye nashangaa. Ndo nilichoiba hasa, ile siku yake ya ujasiri, maana mimi nilikuwa nishasikia na akili yangu yote ipo kwenye kutengeneza sura ya mshangao.

Kwa hiyo kumuacha kwa jibu la stori, hapana. Muulize tu kwa utani uleule, saa yako ya kwanza ya kutoonekana unaenda wapi? Akikwambia anaingia vyumbani kwa watu, au anaenda kumfuatilia mtu fulani, niandikie tena haraka na hapo nitakuwa mkali. Akisema anataka tu siku moja asiitwe, asitafutwe, asiulizwe uko wapi, hebu tulia ujiulize ni nani anayemuulizauliza.

Mimi ningechukua kupaa, ingawa nimeambiwa kule juu zinakopita ndege kubwa, kilomita kama 10, baridi inafika nyuzi 50 chini ya sifuri, basi ningepaa chinichini tu na sweta langu.

Na leo jioni, kabla hujamuuliza lolote, mwambie abadilishe paswadi. Akiuliza kwa nini, mjibu.