Uliza Kuhusu Gari: Tako la nyani au Anaconda, na kijana anayetaka kupiga taa weusi

Mwangaluka wasomaji. Safari hii maswali mengi yamekuja ya nyuma ya gari, sijui mmeambizana, mara taa mara buti mara bampa, basi nimechagua manne. Wengine vumilieni, hasa yule wa gia boksi ya Noah, yako ni ndefu inataka nafasi yake.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi na mume wangu tumedunduliza mpaka hela ya gari imepatikana, tumekubaliana Toyota Harrier, shida ni ipi. Yeye anataka ile ya zamani wanayoiita tako la nyani, anasema ndo Harrier yenyewe imekaa kibabe. Mimi nyuma yake naiona imevimba tu, nataka ile iliyofuata, Anaconda, taa zake nyembamba zimetulia. Ye anasema Anaconda imefinya macho kama mtu aliyeamshwa usingizini. Sasa mashemeji wameingilia, kila jioni nyumbani ni mjadala wa taa. Hivi nani ana jicho hapa? – Mama Wawili, Buhongwa

JIBU: Dada, kwanza watoe mashemeji humo, hela si yao.

Pili, ugomvi wenu si wa kwenu peke yenu, wazungu waliugombania vibaya sana. Mwaka 2001 BMW walitoa 7 Series mpya, mkuu wao wa dizaini alikuwa Mmarekani anaitwa Chris Bangle. Buti ya ile gari ilikaa juu ya mwili kama imewekwa baadaye, watu wakaona ni tusi, wakaibatiza makalio ya Bangle, na mtandaoni wakaanza kukusanya sahihi afukuzwe kazi. Kwa hiyo sisi kuita gari tako la nyani hatujaanza sisi, binadamu akiangalia gari kwa nyuma akili inaenda kulekule. Afu gari yenyewe ikauza vizuri tu, na miaka iliyofuata makampuni mengine kibao yakaanza kutoa buti za namna ileile.

Sasa hizo zenu. Tako la nyani ilianza kuuzwa 2003, nje ya Japani mwili uleule ulikuwa Lexus RX, ndo maana imenenepa vile, ilichorwa kwa ajili ya barabara kubwa na watu wakubwa. Taa zake zina kioo cheupe kwa nje na wekundu umejificha ndani, na huo ulikuwa ugonjwa wa miaka ile, ulioenezwa na Toyota Altezza ya 1998. Altezza ilipotoka na taa za namna ile dunia nzima ikachizika, madukani wakaanza kutengeneza taa nyeupe za kila gari, hata gari ambayo haikuomba, na mpaka leo huko Marekani taa za hivyo wanaziita taa za Altezza. Kwa hiyo mumeo akikwambia hii ndo Harrier yenyewe, anachokipenda ni fasheni ya ujana wake. Usimwambie nimesema.

Anaconda ni ya mwisho wa 2013, na hapo Harrier ilishaachana na Lexus RX, ikachorwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe na barabara zao nyembamba. Ndo maana nyuma imenyooka, taa zimelala na kuingia mpaka kwenye mlango wa buti, gari ionekane pana bila kuwa nene.

Mimi jicho langu liko kwa mumeo, nakwambia ukweli. Ile gari ikikutangulia Kenyatta Road hapa Mwanza unaijua toka mbali hata kabla hujaona jina. Anaconda ikichanganyika na gari nyingine za umri wake usiku, mpaka usome nembo. Lakini hilo ni jicho langu na mimi silali kwenu, gari inalala kwenu, na wewe ndo utaiona kila asubuhi ukitoka na ndoo ya kuoshea.

Fanyeni hivi. Mkienda kuangalia gari nendeni jioni jua likishazama, si saa sita mchana yadi ambapo kila kitu kinang'aa. Mmoja akae ndani akanyage breki, awashe parkingi, apige indiketa kushoto na kulia, aingize rivasi, mwingine asimame nyuma hatua kama ishirini. Afu mbadilishane. Kuna taa mchana nzuri usiku hovyo, na kuna taa mchana unaiona ya kizamani, ikiwaka giza likiwa limeingia unanyamaza. Na kabla hujalipa muulize muuzaji taa inatumia globu au ni LED iliyozibwa, maana globu ikiungua unanunua globu, LED iliyozibwa ikifa vipande unatafuta taa nzima, na taa nzima ya nyuma ya gari inayopendwa bei yake utakumbuka uliposoma haya.

SWALI: Broo, nina IST ile ya kwanza, nyeupe. Nimeshapiga rimu nyeusi na paa nyeusi, bado taa za nyuma, zile nyekundu zinaniharibia muonekano. Kuna fundi Igoma anapuliza weusi zinakuwa za moshi, kali sana. Pia nimeweka globu za LED nyuma, sasa indiketa inapiga harakaraka kama ina homa na stopu imekuwa ya pinki. Nisaidie. – Kijana wa Nyegezi

JIBU: Mdogo wangu, tuanze na homa. Indiketa inapiga haraka kwa sababu LED inakula umeme kidogo sana, ile flasha yako, kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, ilizoea globu ya wati 21, sasa haioni mzigo inadhani globu imeungua, inakupa taarifa. Nunua flasha ya LED au fundi umeme akuwekee rizista ya kuongeza mzigo, na rizista inachemka kwelikweli kwa hiyo isigusane na plastiki wala waya. Pinki inatokana na kuweka LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu, kwenye taa nyekundu weka LED nyekundu. Na hakikisha ile globu ina mwanga wa aina mbili. Ya asili imeandikwa 21/5, tano kwa parkingi na ishirini na moja kwa breki. Nimeshaona LED za bei chee ambazo parkingi na breki zinalingana, mtu wa nyuma anakuona unawaka tu muda wote, hajui saa ngapi umekanyaga.

LED yenyewe siikatai, ukiweka nzuri ni faida. Inawaka mapema kuliko globu kwa kama sekunde 0.2, unaona ni upuuzi, ila gari inayokufuata kwa kilomita 100 kwa saa, ndani ya muda huo inakuwa imetembea mita tano na nusu. IST yako nzima haifiki mita nne.

Sasa weusi. Hapana. Ladha yako ni ladha yako, ungeniambia unataka kuipaka zambarau ningenyamaza, ila taa ya nyuma wewe huitumii, anaitumia wa nyuma yako. Ile rangi inakula mwanga, na mchana wa jua la Mwanza stopu ya kawaida tu ina kazi ya kuonekana, sasa uipulizie moshi. Na kuna kitu wengi hawakijui: ndani ya taa au kwenye bampa kuna kile kipande chenye vijumba vidogovidogo, kinarudisha mwanga wa taa za mwingine hata gari yako ikiwa imezima kabisa. Betri imekata saa nne usiku kule njia ya Usagara, umepaki pembeni, hicho kipande ndo kinamwambia dereva wa lori kwamba uko pale. Ukikipuliza umekifuta. Trafiki wala sijamtaja, na yeye akikuona anakushukuru maana umemrahisishia kazi.

Ukitaka weusi bila ujinga, fundi mzuri anaifungua taa kwa kuipasha moto gundi ilegee, anapaka nyeusi ile fremu ya ndani tu, vyumba vya mwanga haviguswi, anaifunga upya na gundi mpya. Ni kazi ya siku na gharama yake ipo, na akifunga vibaya maji yanaingia. Mwambie akuonyeshe kwanza taa aliyowahi kuifanya na imeshakaa masika moja.

SWALI: Naendesha Hiace ya bosi, Buhongwa mpaka Airport. Ile stopu ya tatu ya juu ya kioo cha nyuma imekufa, fundi anasema ni pambo nisipoteze hela. Kweli? – Suka

JIBU: Fundi wako ndo pambo. Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja anaitwa John Voevodsky alifunga taa ya breki ya katikati kwenye teksi za San Francisco, nyingine akaziacha bila, zile zenye taa zikagongwa nyuma mara chache zaidi kwa tofauti kubwa. Marekani wakaifanya lazima kwa gari ndogo za kuanzia 1986, na dunia ikafuata. Kwa daladala ndo usiseme, unasimama ghafla kila abiria akisema shusha, na mwenzako anayekukimbiza kugombea abiria wa Mkolani anaona juu kabla hajaona chini.

Na pengine hata globu haijaungua. Angalia pale juu kwenye bawaba ya mlango wa nyuma, kuna mpira waya zinapita ndani yake. Mlango wa Hiace unafunguliwa na kufungwa kutwa nzima, waya zinakatikia humohumo ndani ya mpira huzioni. Uvute mpira nyuma taratibu uangalie. Mara nyingi unakuta na waya wa taa ya namba nao unaning'inia.

SWALI: Mwanangu, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 nakuja Mwanza mara kwa mara, sisubiri tena kivuko. Juzi nilikuwa nyuma ya Harrier hizi mpya kabisa, taa ni mstari mmoja mwembamba toka huku mpaka kule, nikawa nasubiri indiketa juu, kumbe inawaka chini kwenye bampa, almanusura. Gari za zamani hazikuwa na mambo haya. Halafu nina GX100, Mark II, taa ya kulia inaingia maji, mjukuu anasema nitoe zote niweke za Chaser, ameziona used, eti ndo nzuri. – Mzee wa Sengerema

JIBU: Shikamoo mzee. Hiyo Harrier ni ya kuanzia 2020, na hulalamiki peke yako, wapo Wajapani walioisema vilevile. Juu wamechora kamstari kazuri sana, kweli ni kazuri, nafasi ya indiketa ikakosekana wakaishusha kwenye bampa. Ukiwa karibu kwenye foleni, au bampa ina tope la masika, huioni. Mimi nikiwa nyuma yake naacha nafasi ya gari moja zaidi.

Ila kwa zamani mzee, samahani, umeisahau Cadillac ya 1959, nyuma ilikuwa na mapezi mawili yamesimama juu na taa zimechongoka mfano wa risasi mbili kila upande. Mambo yalikuwepo, hayakufika Sengerema tu.

Kuhusu Chaser, mjukuu ana jicho, hilo simnyimi, taa za Chaser ni nzuri. Lakini Mark II, Chaser na Cresta za miaka ile ni ndugu wa tumbo moja kwa chesisi na injini, bodi kila mmoja ana yake. Fenda za nyuma na buti havifanani, taa haikai mpaka ukate bati, na ukishakata GX100 kutu ya huku ziwani haikuachi. Hela hiyo msiitoe.

Taa yako ya kulia, vua kava la buti kwa ndani, fungua nati za taa, itoe taratibu. Angalia mpira unaozunguka kwa nyuma, nadhani umekauka au umepasuka. Mwaga maji, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, weka mpira mpya au gundi nyeusi ya vioo kuzunguka pale unapokaa mpira, usizibe kitundu cha kupumulia kilicho chini. Na uinue zulia la buti upande huohuo, maana maji yakiingia kwenye taa mara nyingi yameshafika na kwenye tairi la spea.