Epoksi ya gereji imefifia, na kila Jumamosi inaoshwa

SWALI: Habari fundi. Mwaka jana tuliwekewa epoksi ya kijivu kwenye gereji ya nyumba yetu huku Utawala, Nairobi. Mwanzoni ilikuwa inang'aa hadi unajiona. Siku hizi imefifia, ina ukungu mweupe usiotoka, na karibu na mlango imegeuka manjano. Pale magurudumu yanaposimama pana alama nyeusi. Tunaiosha kila Jumamosi kwa sabuni ya unga na Jik, na kijana anayetusaidia anaisugua kwa nguvu kwa ufagio wa nje. Maji yetu ni ya kisima. Je, kuna dawa kali zaidi ya kurudisha mng'ao? Na je, naweza kutumia mashine ya presha ya kuoshea gari? – Msomaji, Utawala

JIBU: Dada, kabla hujanunua chochote, hiyo Jik irudishe kwenye kufulia nguo nyeupe. Kwa maelezo yako, naona sabuni, maji na ufagio vimechangia shida hii kuliko uchafu wenyewe. Epoksi ni resini iliyochanganywa na kigumishi chake, kile mafundi wanachokiita hadena, vikashikana kikemia vikawa kitu kimoja. Ikishakomaa hainywi maji wala mafuta ya injini, hivyo uchafu mwingi hukaa juu tu. Sakafu ya namna hii ikizidi kufifia huku inaoshwa kila wiki, cha kwanza ninachokishuku ni kile kinachobaki baada ya kuoshwa.

Umenitajia shida tatu, nami naongeza ya nne ambayo hukuitaja: mikwaruzo. Kila moja ina dawa yake, na mbili kati ya hizo hakuna sabuni duniani itakayoziondoa. Ndiyo maana nataka upime kwanza.

Chagua mahali palipofifia sana, upime mraba wa nusu mita kila upande. Mwagia maji ya vuguvugu matupu, bila sabuni yoyote, kisha sugua kwa kitambaa laini cheupe. Povu likitokea, umeshapata jibu: hiyo ni sabuni ya Jumamosi zilizopita ambayo haikusuuzwa ikaisha. Futa maji yote, mwaga mengine safi, rudia mpaka povu likome na kitambaa kitoke cheupe. Kausha kwa taulo, usiache pakauke penyewe. Jioni, zima taa, washa tochi ya simu na uilaze karibu na sakafu ili mwanga upite juujuu. Mraba ule uking'aa kuliko jirani zake, shida yako ni utando, na unatoka. Ukibaki umefifia, na chini ya tochi unaona mistari midogo midogo imepishana kila upande, basi uso wa epoksi umekwaruzwa. Mara nyingi naona vyote viwili pamoja.

Utando unatoka wapi? Sabuni ya unga imetengenezwa kwa ajili ya nguo zinazosuuzwa kwa maji mengi. Ina magadi na chumvi nyingine ambazo kwenye sakafu hubaki pale pale maji yanapokauka. Sabuni ya maji ya kupima, ile inayouzwa kwa lita mtaani, haina nafuu kubwa: huongezewa chumvi ya kawaida ili iwe nzito, na muuzaji mwenyewe hajui kila mtungi una magadi kiasi gani. Kisha ongeza maji ya kisima. Visima vingi vya upande wenu vina maji ya chumvi, unayajua kwa namna yanavyoacha alama nyeupe kwenye birika na kwenye bomba la bafu. Alama hizo ndizo zinazokaa kwenye gereji, ila kule zimesambaa kwa hiyo huzioni kama madoa, unaona ukungu. Na utando wenyewe unanata kidogo, unashika vumbi, vumbi linaonekana kama uchafu, mnaongeza sabuni. Mzunguko huo hauna mwisho.

Kuutoa, fanya sakafu nzima kama ulivyofanya mraba. Fagia kwanza. Tumia maji ya vuguvugu, deki ya kitambaa laini, na ndoo mbili, moja ya kuoshea na nyingine ya kukamulia, usije ukarudisha ule uchafu ulioutoa. Kama una tangi la maji ya mvua, hapa ndipo pa kuyatumia, hasa kwa kusuuza mara ya mwisho. Maji ya mvua hayana chumvi ya kuacha nyuma. Vuta maji yatoke mlangoni kwa kifutio cha mpira chenye mpini mrefu, kisha pitisha kitambaa kikavu.

Ukungu ukibaki na mraba wako haukutoa povu, basi ni chumvi ya maji. Hapo tia siki nyeupe kidogo, nusu kikombe kwenye ndoo ya lita 10, pitisha mara moja, suuza haraka. Isiwe mazoea, kwa sababu asidi ikitumiwa mara kwa mara hupunguza mng'ao. Na kwa vyovyote siki isikutane na Jik, wala Jik isikutane na dawa ya choo yenye asidi. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na gereji iliyofungwa si mahali pa kuivuta. Mliosha kwa Jik Jumamosi iliyopita? Suuzeni vizuri kwanza, acheni hewa ipite, ndipo siku nyingine mjaribu siki.

Sasa ufagio. Ule wa nje wenye nywele ngumu, ukiusukuma juu ya vumbi la barabara yenu, unasaga epoksi kama msasa. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko epoksi, hivyo anayekwaruza sakafu ni mchanga wenyewe, kijana anausukuma tu. Mlaumuni kwa upole. Mwambie afagie kwa ufagio laini wa ndani, au deki kavu ya maikrofaiba, mara mbili tatu kwa wiki, tena kabla ya maji kuguswa. Udongo mweusi wa huko kwenu ukilowa unanata kwenye magurudumu na kuingia gerejini kwa mapande. Uache ukauke, ung'oe kwa kipande cha plastiki au mbao, kisha ufagie. Usiukwangue kwa koleo. Nikilazimika kuchagua jambo moja ambalo mwenye gereji afanye akaacha mengine yote, ningechagua kufagia. Kuosha kwa maji mara moja kwa mwezi kunatosha kwa gari moja au mawili, na sabuni iwe kijiko kimoja cha sabuni laini ya vyombo kwenye ndoo ya lita 10. Isiwe na povu la kuonekana kwa mbali. Sabuni ya kipande, poda za kusugulia sufuria, na waya wa chuma viishie jikoni.

Mikwaruzo haioshwi. Mtu akikuuzia nta ya sakafu ya kuifunika, kataa: itang'aa wiki mbili tatu, itateleza ukiingia na viatu vyenye maji, kisha itazuia rangi mpya kushika siku utakapohitaji kupaka upya.

Manjano nayo haioshwi. Hilo ni jua. Epoksi ya kawaida haistahimili mionzi ya urujuanimno iliyomo kwenye mwanga wa jua. Hugeuka manjano, na ikipigwa miaka mingi hutoa unga mweupe kama chaki. Nairobi iko karibu na Ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu ni kali mwaka mzima, hata Julai tukiwa na makoti. Ndiyo maana manjano yako yamekaa karibu na mlango na si nyuma penye rafu. Nikidhani gereji yenu inaelekea magharibi, na mlango huachwa wazi jioni, sitashangaa. Kufunga mlango kutazuia yasizidi, lakini yaliyopo yamo ndani ya rangi yenyewe. Fundi aliyewawekea alipaswa kufunika epoksi kwa tabaka la juu la poliyurethani ya alifatiki au poliaspatiki, ambazo hazibadiliki haraka kwenye jua. Pengine gharama ilipunguzwa hapo. Huwa ni tabaka la kwanza kukatwa mteja akiomba bei ipungue, kwa kuwa siku ya kukabidhi kazi hakuna anayeona tofauti.

Alama za magurudumu ziangalie kwa makini. Mpira wa gurudumu una mafuta ya kuulainisha, na gurudumu likitoka lami likiwa moto hayo mafuta huhamia kwenye sakafu. Loweka alama kwa sabuni ile ile ya vyombo ikiwa nzito kidogo, iache kama dakika 10 bila kukauka, sugua kwa brashi ya nailoni, suuza. Weusi wa juu utatoka. Kikibaki kivuli cha kahawia, mafuta yameshaingia kwenye rangi na hakuna cha kufanya bila kupaka upya. Lakini kama rangi inabanduka na kushika kwenye gurudumu ukitoa gari asubuhi, hilo ni jambo jingine kabisa: zege halikusagwa vizuri kabla ya kupakwa, au rangi ilikuwa nyembamba ya maji. Hapo mrudie aliyeifanya kazi. Kwa sasa weka vipande vya zulia kuukuu chini ya magurudumu, na uviinue mara kwa mara unyevu usifungiwe chini. Usitumie mikeka ya mpira, maana nayo ina mafuta yale yale na itakuchorea mistatili mizuri.

Kuhusu vinavyomwagika, mafuta ya injini hayana haraka sana: yafute kwa kitambaa, nyunyizia vumbi la mbao, fagia, osha. Vinavyotaka haraka ni mafuta ya breki, petroli, thina na maji ya betri. Mafuta ya breki hulainisha rangi yakiachwa usiku mmoja. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Vaa glavu, nyunyizia magadi mpaka yaache kutoa povu, kisha suuza kwa maji mengi. Hata magadi ya dukani yanayochimbwa Ziwa Magadi yanafaa kwa kazi hiyo. Mafuta ya taa usiyatumie kusafishia doa lolote. Yanaacha utelezi na yanawaka.

Mkiamua kupaka tabaka jipya la juu, na kwa mlango wenu naona mtaamua, chagueni lenye rangi ili lifunike manjano. Sakafu nzima isuguliwe kwa msasa namba 120 mpaka pasibaki mahali panapong'aa, vumbi livutwe kwa mashine, kisha ipanguzwe. Muulize fundi swali moja: sakafu ina nyuzi ngapi za joto, na kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewani huanza kugeuka matone, ni kipi? Sakafu inatakiwa iwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango hicho, la sivyo unyevu hutua juu ya rangi mbichi. Fundi asiyejua unachosema, mshukuru na umsindikize. Januari na Februari ni miezi mizuri hapa Nairobi. Juni hadi Agosti rangi hukomaa polepole mno. Gari lisiingie mpaka siku zile zilizoandikwa kwenye mkebe ziishe, ambazo kwa bidhaa nyingi ni kati ya 3 na 7, na waombe wachanganye chembe za kuzuia utelezi kwenye tabaka la mwisho. Poliyurethani mbichi ina mvuke unaodhuru mapafu, hivyo milango iwe wazi na watoto wakae mbali.

Mashine ya presha unaweza kuitumia, mradi epoksi haijabanduka popote. Tumia pua ya kutawanya maji kwa upana, si ile ya mshale mmoja, na usiisogeze karibu kuliko urefu wa mkono. Kwanza tembea ukigonga sakafu kwa kisigino au mpini wa bisibisi: panapolia mvungu, au penye ufa na kingo zilizoinuka, usipige presha, maana maji yataingia chini na kubandua kipande kikubwa kuliko ulichokuwa nacho. Sehemu hizo tia alama ya chaki ili kijana azione.